Akikataa Kuja Kanisani, Bado ni Rafiki Yetu?



Katika kikao cha kamati ya misheni cha mwezi uliopita tulikuwa tukipanga kazi ya majira haya ya baridi: nyumba zipi tuzitembelee, mifuko mingapi ya chakula tuandae, nani apike pilau na nani abebe kadi za mwaliko. Binti mmoja wa darasa la kipaimara alikuwa amekaa nyuma akimsubiri mama yake. Alinyoosha mkono, kama wanavyofundishwa shuleni huku, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Huyo jirani akisema hataki kuja kanisani, bado ni rafiki yetu?"

Mmoja wetu alijibu, "Ndiyo, bila shaka." Lakini alijibu kwa sauti ndogo, na wengine tuliangalia meza. Tulikuwa tukimfikiria bibi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Wengi wenu mnamkumbuka, ila si wote mnaojua mwisho wa habari yake. Tumeona ni vema tuiandike hapa, kwa sababu swali la binti yule haliwezi kujibiwa kwa uaminifu bila habari hiyo.

Tulipoanza kukodi jengo hili kwa ibada yetu ya mchana, bibi yule alikuwa jirani wa kwanza tuliyemwendea. Alikuwa amepita miaka 80 na aliishi peke yake. Tulimpelekea pilau kwenye hotpoti, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na kadi yenye saa za ibada. Alitupokea vizuri. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mtufaha, na siku ile ile alitaka kutujazia mfuko wa matufaha. Tukakataa. Tulikataa kwa adabu zetu: mzee yuko peke yake, sisi ni kama wanawe, tutachukuaje vitu vyake? Tukasema, asante mama, usijisumbue. Mara ya pili aliuliza kama watoto wetu wangependa kuja kuchuma wenyewe. Tukasema, watakusumbua hao. Mara ya tatu alituambia kwa upole kwamba tangu mumewe alipofariki yeye si mtu wa kanisa tena, ila anafurahi tukipita. Tukaitikia. Halafu, bila kikao wala azimio, tukaacha kupita. Orodha yetu ilikuwa na nyumba nyingine nyingi. Hotpoti letu likabaki kwake.

Theluji ilipoyeyuka tuliona kibao cha kuuza nyumba kimesimikwa uani. Jumapili moja mwanawe alivuka barabara amebeba hotpoti letu, limeoshwa linang'aa. Ndani yake mlikuwa na chupa mbili za jamu ya matufaha. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye mwezi na mwaka, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka. Ilikuwa imepikwa msimu uleule tuliokataa matufaha. Kijana alituambia mama yake amehamia nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwake, mji mwingine kabisa, na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Alisema mama hakutaka kurudisha chombo kitupu. Alikuwa akingoja mmoja wetu apite, akaona aibu kukileta mwenyewe kwa sababu alidhani pengine sisi hatupendi kupokea vitu vya watu. Mara nyingi alikuwa akiuliza mbona siku hizi hatuonekani.

Kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hilo tumelizaliwa nalo. Mama wa Kimarekani wa hapa Minnesota, ambaye hakuna mtu wetu aliyemfundisha, alilijua, na sisi ndio tuliolisahau. Tulimwandikia kadi ya shukrani, wala hatujui kama aliweza kuisoma.

Kwa hiyo jibu la kweli kwa swali la binti ni hili: kwa maneno yetu alikuwa rafiki, kwa matendo yetu hakuwa. Sasa tunataka kujua tulikosea wapi, kwa maana hatukuwa na nia mbaya. Tulitoa chakula, muda na nguvu baada ya zamu za usiku. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo tulikuwa nao. Je, mtu anaweza kutoa sana na bado asijenge uhusiano?

Anaweza, na historia ya kwetu inashuhudia. Katikati ya miaka ya 1960 padri mmoja Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alifika misheni ya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, katika nchi ya Wamasai. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, na Wamasai walizitumia. Lakini Donovan alipotazama kwa makini aliona kwamba katika miaka yote ile ya huduma karibu hakuna aliyekuwa ameketi na Wamasai wazima kuzungumza nao habari za Mungu. Watu wale walikuwa wapokeaji wa huduma, na wamisionari watoaji, basi. Alimwomba askofu ruhusa ya kuachana na shule na hospitali, aende kwenye maboma yao mikono mitupu, azungumze nao tu. Mwaka 1978 aliandika kitabu kuhusu safari hiyo.

Katika kitabu hicho kuna jambo ambalo sisi wa kamati tumelirudia mara kadhaa. Jamii moja ilimsikiliza kwa muda mrefu, wakauliza maswali yao, kisha wazee wakamwambia kwamba wamemwelewa, lakini hawaitaki imani hiyo. Ilimuuma. Lakini alijifunza kwamba habari njema ni lazima iwe kitu ambacho mtu anaweza kukikataa. Isipoweza kukataliwa, hata anayeikubali hajaikubali kweli.

Hapo ndipo tunapoona kosa letu, na wale kati yetu tunaofanya kazi ya uuguzi tunaliona kwa urahisi zaidi, kwa sababu kazini tunafundishwa jambo hilo tangu mwanzo. Mgonjwa yuko kitandani. Sisi ndio tunaomletea dawa, tunaomgeuza, tunaomsafisha, tunaoitikia kengele yake saa tisa za usiku. Muuguzi akianza kumhubiria mgonjwa wa namna hiyo bila mgonjwa mwenyewe kuuliza, mgonjwa ataitikia nini? Wengi wataitikia chochote. Hawezi kuinuka aondoke, na anajua kwamba baada ya saa moja atahitaji tena mkono wa mtu huyo huyo. "Ndiyo" yake haina uzito, kwa sababu "hapana" ingemgharimu mno. Ndiyo maana taaluma yetu ina mipaka juu ya jambo hili. Wapo wanaodhani mipaka hiyo ni vita dhidi ya imani, lakini inamlinda mtu asiye na pa kwenda. Na sisi tunaoamini kwamba Mungu anamtaka mwanadamu kwa hiari yake tungepaswa kuwa wa kwanza kuitetea.

Sasa tufikirie jirani aliyepokea kutoka kwetu mara tatu na kila alipotaka kurudisha tukamzuia. Tumemweka mahali pa mgonjwa wa kitandani. Ana deni ambalo hana njia ya kulilipa isipokuwa moja tu: kuja kanisani. Hatukulisema hilo, wala hatukulifikiria, lakini kadi ya saa za ibada ilikuwa juu ya pilau. Yule bibi alikuwa na ujasiri wa kusema ukweli wake hata hivyo. Alipousema, sisi tukaondoka, na kwa kuondoka kwetu tukamthibitishia kwamba pilau lilikuwa na bei.

Tulichojifunza ni hiki: anayetoa siku zote bila kupokea humfanya mwenzake kuwa mdogo, na mtu aliyefanywa mdogo hana uhuru wa kutujibu. Tukitaka uhusiano wa kweli na watu wa nchi hii, na tukitaka jibu lao juu ya Kristo liwe jibu lao wenyewe, ni lazima tukubali nasi kuwa na uhitaji mbele yao. Kabla mmisionari hajawa mwenye kutoa, awe mgeni anayepokea.

Si jambo geni katika Maandiko, ingawa sisi tumelisoma mara nyingi tukalipita. Katika Injili ya Yohana sura ya 4, Bwana Yesu amechoka na safari, ameketi kisimani huko Samaria wakati wa jua kali, na jambo la kwanza analomwambia yule mwanamke ni kumwomba maji. Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana. Mwanamke mwenyewe anashangaa kuombwa. Lakini kwa ombi lile yeye anakuwa mwenyeji, mwenye kamba na mtungi, na Bwana anakuwa msafiri mwenye kiu. Mazungumzo marefu yanayofuata, ambayo mwanamke anabisha, anauliza na anageuza mada apendavyo, yanafanyika kati ya watu wawili ambao mmoja amemhitaji mwenzake. Kiu ile, tena, haikuwa ya kuigiza.

Na katika Luka sura ya 10, wale sabini wanatumwa bila mfuko wala mkoba wala viatu. Mkoba wangekuwa nao wangelala wapi wapendapo na kula vyao. Bila mkoba ilikuwa lazima wabishe hodi, wakae katika nyumba ile ile, wale walichoandaliwa. Tulizoea kuhubiri kwamba hapo Bwana aliwafundisha kumtegemea Mungu. Ni kweli, lakini kumtegemea Mungu kulikuja kwa njia ya kumtegemea mtu wa kijiji kile.

Tuangalie pia waliotuletea Injili. Sisi tunasoma Biblia ya Kiswahili, na mara chache tunajiuliza ilianzaje. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Hakuwa na Kiswahili. Mwezi Juni mwaka huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, msomi wa Kiislamu. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe, Rosina, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Tafakarini hali ya mtu yule: mgeni, mgonjwa wa homa, mfiwa, hana lugha, na neno la Mungu analotaka kulileta lazima apewe maneno yake na Mwislamu. Krapf hakuwa malaika. Aliandika mambo makali kuhusu dini ya wenyeji wake. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba hatua za kwanza za Biblia yetu zilipita kwenye mkono wa kadhi, na kwamba mmisionari alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Kadhi hakubadili dini. Msaada wake haukupungua thamani kwa sababu hiyo, na sisi tungekuwa watu wasio na shukrani kama tungemhesabu kuwa kazi iliyoshindikana.

Habari nyingine inatugusa sisi wa hospitali. Joe Church alikuwa daktari Mwingereza katika hospitali ya Gahini, nchini Rwanda. Mwaka 1928 na 1929 nchi ile ilipigwa na njaa kali, na daktari akachoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Daktari hakumwendea Nsibambi kama mtoa huduma. Alikwenda akiwa mtupu, na Mwafrika akawa na kitu cha kumpa. Kukutana kule kunakumbukwa kama moja ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wengi wetu tulilelewa na bibi na mama waliookoka katika moto ule, na hata neno letu "mlokole" limetoka Luganda. Katika mikutano ya Uamsho, Wazungu walitubu majivuno yao mbele ya Waafrika na kuwaita ndugu. Kwa enzi zile za ukoloni halikuwa jambo dogo.

Tunajua kuna watakaotupinga, na hoja zao ni za haki. Tuzijibu tatu.

Ya kwanza: je, kuomba msaada si mbinu nyingine tu? Jana tulivuta watu kwa pilau, leo tutawavuta kwa kujifanya wahitaji. Ikiwa ni hivyo, basi ni udanganyifu mbaya kuliko ule wa kwanza. Lakini ndugu, nani kati yetu anahitaji kujifanya? Mwaka wa kwanza hapa tulikuwa hatujui kwamba bomba la maji hupasuka nyumba ikiachwa bila joto. Hatujui bado jinsi ya kusoma barua za bima bila kuwaita watoto. Baba zetu wengine hawajapata mtu wa kuongea naye Kiingereza isipokuwa msimamizi wa kazi. Akina mama wanazeeka ndani ya nyumba miezi mitano ya baridi. Uhitaji tunao tele. Tunaoushona mdomo ni sisi wenyewe, ili kanisa lionekane lina watu waliofanikiwa. Na namna ya kujipima ni rahisi: jirani akisema hapana kwa mwaliko wetu, je, tutaendelea kupita? Kama hatutapita tena, ilikuwa mbinu.

Ya pili: je, tunyamaze basi juu ya Kristo? La. Rafiki anayekuficha kitu anachokipenda kuliko vyote naye hajakufungulia moyo. Jirani akituuliza tunapata wapi nguvu, tumwambie. Akiwa na msiba, tumwulize kama tumwombee, na tukubali akisema asante, si leo. Tusiogope kumwalika. Tunachosema ni kwamba mwaliko usiwe mlango pekee wa nyumba yetu, kwamba asiyeupita huachwa nje kwenye theluji.

Ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Mzee mmoja alituambia: "Nyie mnataka tuombe, lakini nchi hii tayari inatuona ombaomba. Mimi mtoto wangu anaulizwa shuleni kama kwao wanalala juu ya miti. Nitainamaje tena?" Mzee, tumekusikia, shikamoo yako inabaki palepale. Wapo majirani wasiotutaka, na hatumwambii mtu ajipeleke mahali anapotukanwa. Lakini kupokea tunakosema si kuinama. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaichukua methali hiyo kama kumchoka mgeni. Itazameni tena. Siku mbili za kwanza mgeni ni wa kuhudumiwa tu. Siku ya tatu anapewa jembe kwa sababu amekuwa mtu wa nyumbani, mkono wake unahitajika shambani. Bibi yule wa matufaha alikuwa anatupa jembe, na sisi tukang'ang'ania kubaki wageni. Wakati huohuo hatukumpa yeye jembe letu. Uhusiano unakuwepo pale ambapo kila mmoja ana jembe kwa mwenzake. Anayepokea namna hiyo anasimama wima.

Basi tufanyeje? Hatuna mpango mkubwa. Tuna mambo machache ambayo baadhi ya familia zimeanza kuyajaribu.

Tumejifunza kwanza adabu za hapa, kama vile tungetaka mgeni ajifunze zetu. Kwetu mtu hupiga hodi wakati wowote na kukaribishwa. Huku kumtokea mtu mlangoni bila taarifa humshtua, hivyo tunapiga simu au kutuma ujumbe kwanza. Kwetu salamu huulizia watoto, kazi na waliobaki nyumbani. Huku wanauliza u hali gani wakiwa wanatembea, na wasiposubiri jibu si dharau. Kwetu asiyekula kwako amekukosea. Huku mtu anaweza kuwa na sababu ya afya na akasema wazi, na urafiki ukabaki. Tusiharakishe kusema Wazungu hawana upendo. Wengi wanao, ila umevaa nguo nyingine.

Pili, tunapokea. Familia moja gari lao lilikataa kuwaka asubuhi ya baridi kali. Siku zote baba angempigia Mtanzania mwenzake aliye nusu saa mbali. Safari hii alibisha kwa mzee wa jirani, ambaye alikuja na nyaya zake za kuwashia betri, akawasha, kisha akakaa dakika 20 barabarani akieleza betri ipi inafaa kwa baridi ya huku. Walikuwa majirani kwa miaka minne, na ndiyo siku waliyojuana majina. Sasa mzee huyo huja kunywa chai ya tangawizi. Hajaja kanisani. Juzi alifiwa na dada yake, na nyumba ya kwanza aliyoijia ilikuwa hiyo.

Tatu, tunauliza habari zao. Tulikuwa tumetumia jengo hili muda mrefu kabla ya mmoja wetu kuwauliza wazee wa kanisa wenyeji lilijengwa na nani. Mama mmoja akatuonyesha picha za ukutani na kusema babu na bibi zake walitoka Norwe, na walikuwa wakiabudu hapahapa kwa Kinorwe, mpaka watoto wao walipoanza kuona aibu ya lugha hiyo na ikafa. Alilia kidogo alipokuwa akisema. Tulikuwa tukimwona mwenye nyumba, kumbe ni mjukuu wa wageni kama watoto wetu watakavyokuwa. Alituuliza tunafanya nini ili watoto wasipoteze Kiswahili. Tangu siku hiyo tuna jambo la kuzungumza ambalo sisi na wao tunalihitaji.

Nne, tunawasikiliza vijana wetu. Wao wanaishi kati ya pande mbili kila siku, na tumezoea kuwatumia kama wakalimani wa karatasi tu. Lakini aliyeona kosa letu katika kikao ni mtoto wa kipaimara. Alikuwa na sababu yake. Mama yake ametuambia kwamba binti ana rafiki shuleni asiye na dini yoyote, na alikuwa akiogopa kwamba siku moja kanisa litamtaka amwalike, na rafiki akikataa, amwache.

Tunataka kumjibu hadharani, mwanetu: hatutakutaka umwache. Mpende huyo rafiki yako. Mwambie unachokiamini akikuuliza, na hata asipouliza, siku moja utakapoona inafaa. Mwache naye akuambie anachokiamini yeye, na usimsikilize kwa kumsubiri amalize. Kula kwao. Mwombe akufundishe hisabati kama anaijua kuliko wewe. Akija kanisani tutafurahi, na asipokuja, mlete nyumbani ale chapati, na akitaka kuleta kitu mkononi, tutakipokea.

Kuhusu orodha ya majira haya ya baridi, kamati imeamua kupunguza nyumba kutoka 40 hadi 8, ili tuweze kurudi. Kadi za mwaliko zitabaki kwenye meza ya mlangoni kwa anayetaka, hazitawekwa tena juu ya chakula. Na kila familia itakayokwenda kwa jirani imeombwa ifikirie kabla ya kutoka: ni jambo gani la kweli tunaloweza kumwomba mtu huyu?

Chupa moja ya jamu tuliifungua tukaila na watoto baada ya ibada, kwa mkate. Ya pili iko kwenye kabati la jiko la kanisa, karibu na mahotpoti. Tafadhali msiitupe mnapofanya usafi.

Bwana aliyeketi kisimani akiwa na kiu atufundishe kupokea. Amina.